Shahidi Aliyetoka Chini ya Jiwe

Walisema sitaweza. Naanza hapo ili ujue mapema kwamba mimi si mtunga hadithi. Mtunga hadithi angeanza na mizimu. Mimi naanza na majirani.

Walisema mtoto wa mama muuza sukuma wiki wa Kibomet hawezi kupata diploma ya uhandisi wa maji. Nikaipata. Iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya kioo, na ukiingia utaiona kabla hujaniona mimi. Walisema nikienda Uarabuni nitarudi na blanketi na simu mbili. Nilikaa huko miaka sita nikichimba visima jangwani, mahali ambapo hata ngamia amekata tamaa, nikarudi na akiba na ujuzi ambao hapa Kitale unahesabu wenye nao kwa vidole vya mkono mmoja. Nilipotangaza kwamba nanunua mtambo wangu wa kuchimba visima, senge yangu Robai, dada ya marehemu baba, alisema mbele ya wageni, "Huyu? Huyu atachimba choo, na hicho choo kitabomoka." Halafu senge huyo huyo akauza ng'ombe wawili akanikopesha. Ndivyo watu wetu walivyo. Wanakucheka kwa mdomo huku mkono unakusaidia.

Kwa hiyo haya ninayokueleza ni kweli, niamini. Wako walioniambia nilikuwa na homa. Sikuwa nayo. Wako walioniambia nilikuwa nimekunywa, na mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, muulize yeyote Kibomet. Tena hayakutokea usiku, saa ambayo macho hudanganya. Yalitokea saa tisa mchana, wakati watoto wanatoka shuleni.

Kazi ilikuwa nje ya mji wa Kitale, barabara ya kwenda Kachibora, kwa mama mmoja mfugaji anayeitwa Mama Chemutai. Alikuwa amenunua shamba lile miaka michache nyuma, na ng'ombe wake wa maziwa walikuwa wakinywa maji ya kubebwa na trekta. Wachimbaji wawili walikuwa wamekuja kabla yangu wakaondoka na mashimo makavu. Sasa, mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi nilicheka. Nikamwambia Mama Chemutai, "Hao walikuja na bahati. Mimi nimekuja na diploma." Na kwa mdomo huo huo nikatia sahihi mkataba wa hakuna maji, hakuna malipo.

Unaona ujinga wa kiburi? Wakati ule nilikuwa na deni kwa watu saba. Senge Robai, shemeji yangu wa Kachibora, muuza vifaa vya ujenzi wa Bungoma anayeishi karibu na msikiti, na wengine wanne. Walikuwa wamekutana nyumbani kwa senge wakanipa hadi mwisho wa mwezi. Kama sijalipa, mtambo ungeuzwa, kila mtu achukue chake. Mtambo ule ulikuwa ndio mimi. Ukiuza mtambo unabaki na kijana mwenye karatasi ukutani.

Tulichimba siku tatu. Nikueleze kidogo tunavyofanya kazi, ndipo uelewe kilichonipata. Kila tukishuka mita mbili, tunachota udongo unaorushwa juu na kompresa na kuumwaga juu ya magunia, fungu moja baada ya jingine, kwa mstari. Ukitembea kando ya mstari ule unaisoma ardhi kama kitabu. Pale tulianza na udongo mwekundu. Kwenye fungu la kumi na mbili ukatokea udongo wa kijivu, laini, unaonata kama uji uliolala. Baadaye mchanga mkavu. Halafu, mita themanini na nne, tukagonga mwamba mweusi. Tukausaga nusu siku bila kuuona mwisho wake. Maji hata ya kulowesha kidole hayakuwepo. Yaliyotoka yalikuwa vumbi, tena vumbi la moto.

Na vumbi hilo ndilo lililoleta mjadala.

Nilikuwa na wafanyakazi wawili. Wekesa, mtu wa Bungoma, mwimbaji wa kwaya, mwenye mwili wa kubeba vyuma na moyo wa kifaranga. Na Hamisi, fundi wa kompresa, aliyezaliwa Bungoma mjini nyuma ya msikiti, mtu asiyekasirika. Siku ya tatu, saa nne, tulikuwa tunakunywa chai, Wekesa akagusa chuma kilichotoka shimoni, akaruka.

"Injinia," akasema, "mimi naona tuache."

"Tuache kwa nini?"

"Tumekaribia."

"Tumekaribia maji?"

"Tumekaribia kwenyewe." Akaelekeza kidole chini. "Jehanamu bana. Hiki chuma kinaweza kupika yai. Moto unatoka wapi kama si huko? Si hata Mlima Elgon ulitapika moto zamani? Huo moto ulitoka mbinguni?"

Hamisi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wekesa, ndugu yangu, Jehanamu iko. Mimi siikatai hata kidogo, nimefundishwa tangu nikiwa madrasa. Lakini unadhani Mwenyezi Mungu ameiweka mita themanini kutoka kwa ng'ombe wa Mama Chemutai? Mahali ambapo watu watatu wenye kompresa wanaweza kutoboa paa?"

"Ndiyo maana nasema tuache kabla hatujatoboa!"

Mama Chemutai alikuwa ameleta mihogo ya kuchemsha. Akasimama na sinia mkononi. "Nyinyi mnabishana Jehanamu iko wapi? Mimi nimekaa na mama mkwe miaka kumi na miwili, chumba na chumba. Niulizeni mimi."

Tukacheka sote. Halafu nikaharibu. Siwezi kusikia watu wanajadili jambo bila kulimaliza mimi, ni ugonjwa. Nikasimama nikawahutubia. Nikawaambia joto la chuma linatokana na msuguano, kitu cha mwaka wa kwanza chuoni. Nikawaambia nimechimba mashimo jangwani kushinda miaka yao yote wakiijumlisha, na sijawahi kuvuta pembe wala mkia. "Kila mtu anaiamini Jehanamu kwa sababu aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu," nikasema. "Nileteeni shahidi mmoja. Mmoja tu, aliyeshuka huko chini akaangalia kwa macho yake. Aje hapa, asimame mbele yangu, aseme alichokiona."

Wekesa akajifunga koti, ingawa jua lilikuwa kali. "Injinia, maneno mengine hayasemwi juu ya shimo."

Saa nane mawingu yalishuka kutoka Cherangany, na saa tisa mvua ya mawe ikaanza. Unaijua mvua ya mawe ya Kitale? Inapiga bati kama watu wanamwaga kokoto. Wekesa na Hamisi walikimbilia ndani ya lori na mahindi yao ya kuchoma. Mimi nilibaki chini ya turubai karibu na mtambo, nikiangalia mafungu yangu ya udongo. Ukweli ni kwamba sikutaka wanione uso. Nilikuwa na biti moja tu iliyobaki, yaani kile kichwa cha chuma kinachosaga mwamba. Nikiendelea ikavunjika, nimekwisha. Nikiacha, nimekwisha vilevile. Nilikuwa nahesabu ni njia ipi ya kukwisha iliyo na heshima kidogo.

Ndipo nikaona mzee anakuja kutoka upande wa lori. Mzee mwembamba, koti refu la kahawia, kofia, gamubuti za mpira. Anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kanisani. Nilimwona akisimama kwenye dirisha la lori akiwasalimia vijana wangu. Hawakumwitikia. Waliendelea kutafuna mahindi. Nikakasirika, nikasema moyoni, nitawafundisha adabu hawa.

Akafika kwenye turubai. "Mulembe," akanisalimia.

"Mulembe, mzee. Karibu, ingia, utaumizwa na mawe."

Ungemwona uso! Uling'aa kama mtu aliyepewa mjukuu. Akasimama pale akiniangalia. "Umeitika," akasema.

"Sasa nisiitike, mzee, mimi ni mtu wa wapi?"

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo nikaona mambo mawili. La kwanza, koti lake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, mvua ile ikinyesha. La pili lilinisumbua zaidi kwa sababu ni la kazi yangu. Gamubuti zake zilikuwa na udongo wa kijivu unaonata. Pale juu udongo ni mwekundu kila mahali. Ule wa kijivu unaanza mita ishirini na nne chini. Nikageuka kuangalia fungu langu la kumi na mbili, nikidhani amelikanyaga. Halikuwa limeguswa.

"Nimesikia unatafuta shahidi," mzee akasema.

"Shahidi wa nini?"

"Wa moto."

Nikacheka. Nilidhani Mama Chemutai amenitania, amemtuma jirani. "Mzee, wewe umefika huko?"

"Nimeshuka kuangalia," akajibu, kama mtu anayesema amefika sokoni. "Naitwa Khaemba. Shamba hili nililima mimi. Nina rafiki yangu Bungoma, Nyongesa, karibu na soko la ng'ombe. Tumebishana naye tangu tukiwa vijana. Yeye anasema moto uko hapa chini ya miguu. Mimi nasema, nani ameuona? Sasa nimeangalia. Kuna udongo mwekundu. Kuna huu mbaya unaoshika kiatu. Kuna mchanga. Halafu kuna jiwe, na jiwe hilo, mwanangu, ni nene! Wale wawili waliokuja kabla yako walichoka kwa jiwe. Lakini si nene sana tena hapo ulipofika wewe. Chini yake kuna ufa, na ufa una maji."

"Na moto?"

"Maji, nimekwambia. Ya baridi. Yanauma meno."

"Kwa hiyo Jehanamu hakuna."

Akainua mkono kunizuia. "Sikusema hivyo. Nimesema chini ya shamba hili hakuna. Kwingine sijafika, na mimi si mhubiri niseme nisichokiona." Akasogeza ndoo karibu nami, mawe yakipiga turubai. "Lakini nikwambie nilichokiona. Unasalimia watu, hawaitikii. Unapita nyumba hii, mulembe, kimya. Nyumba ile, mulembe, kimya. Nyongesa mwenyewe nimembishia hodi mpaka mkono umechoka, yeye na redio yake. Kama kuna kitu kinachoshinda huo moto wenu, nafikiri ni hicho."

Mimi nikasikia huruma ya kawaida tu. Nikajua ni mzee aliyeachwa na watoto, mchimba visima wa mkono wa zamani, ndiyo maana anaijua ardhi. Ona jinsi elimu inavyomsaidia mtu kutafuta sababu!

"Ukifika Bungoma umwambie Nyongesa ameshindwa," akasema. "Umwambie kwa sauti. Utaniahidi?"

"Nakuahidi, mzee."

"Basi endelea na jiwe lako."

Nikainama kuchukua thamosi nimmiminie chai. Nilipoinuka hakuwepo. Mvua ilikuwa imekatika, na uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mawe ya barafu. Alama za gamubuti zilionekana wazi. Zilitoka kwenye ndoo zikaenda moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa shimo langu, zikaishia hapo. Shimo la inchi nane. Paka aliyeshiba hapiti.

Nikaenda kwenye lori. "Nyinyi hamna wazee kwenu? Kwa nini hamkumwitikia yule mzee?"

Wekesa akaacha kutafuna. "Mzee gani, Injinia?"

Niliwaza kidogo. Nikaamua kwamba barafu imeyeyuka vibaya ikachora nyayo, na kwamba vijana hawa hawaoni mbele wakiwa na mahindi. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyoamua. Lakini kesho yake asubuhi nilifunga biti ya mwisho.

"Injinia," Wekesa akalia, "kwerikweri tunaendelea?"

"Tunaendelea."

"Nikifa nizikwe Bungoma."

Tulisaga jiwe lile kutwa. Chuma kilitoa harufu. Hamisi alikuwa ameweka sikio kwenye kompresa kama daktari, na mimi nilikuwa nimekaza meno mpaka taya likauma. Ilipofika saa kumi vumbi likageuka rangi, likawa jeusi, zito. Kisha vyuma vikashuka ghafla kiasi cha kiganja, na chini ya miguu yetu kitu kikanguruma.

Wekesa aliruka uzio wa ng'ombe. Mtu wa kilo tisini! Shimo likatapika, mlingoti wa maji ukapanda kupita mtambo, ukatuangukia. Nilikinga mikono nikanywa. Baridi hiyo! Yaliniuma meno mpaka kwenye mzizi. Hamisi alikuwa akicheka na kusema alhamdulillahi kwa pamoja. Mama Chemutai alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani ni harusi, na Wekesa akarudi polepole, akachovya kidole kimoja, akakilamba.

"Si ya moto," akasema, kama aliyedanganywa.

Mama Chemutai akanishika mabega. "Ulijuaje? Wengine waliacha kwa jiwe. Ulijuaje uendelee?"

Sasa, ewe unayenisoma, ungesema nini? Mimi nilisema, "Diploma, mama."

Hilo ndilo kosa langu. Nilichukua neno la mzee nikaliweka ndani ya kioo changu. Mama Chemutai alilipa siku hiyo hiyo, habari ikaenea, na watu wakaanza kunipigia simu kutoka Kachibora, kutoka Kapsokwony, kutoka kila mahali ambapo mtu amechoka kubeba mtungi. Nilichimba nikapata, nikachimba nikapata. Wadai wangu walipoona kazi inaingia wakaniongezea mwezi. Na Bungoma? Nilisema nitaenda wiki ijayo. Halafu wiki ijayo. Kumtafuta Nyongesa kulikuwa ni kukubali kwamba mzee wa gamubuti alijua kuliko mimi.

Lakini kuna kitu kilichoanza. Kila nilipozima kompresa, katika kile kimya kinachokuja mashine ikinyamaza, nilisikia mtu akibisha. Ngo, ngo, ngo. "Hodi." Kwa upole kabisa, sauti ya mtu mwenye adabu. Na haikutoka mlangoni wala langoni. Ilitoka shimoni.

"Mmesikia?" nikawauliza vijana.

"Tumesikia nini?"

Kapsokwony nikasikia. Kibomet, nikichimbia kanisa moja, nikasikia. Nilianza kuacha kompresa ikinguruma hata wakati wa chai, mafuta yakiungua bure. Hamisi akaniangalia siku moja akasema, "Injinia, wewe ulichukua kitu cha mtu?" Nikamkaripia. Usiku ule sikulala.

Jumamosi moja nikawa nimekamilisha fedha za watu wote saba. Nikaziweka kwenye bahasha, jina juu ya kila moja, nikavaa suti ya Uarabuni, nikaondoka asubuhi. Nilianza na senge Robai. Alihesabu mara mbili, akanitemea mate ya baraka kifuani, kwenye suti. "Nilijua utaweza," akasema. Nikamwambia, "Senge, ulisema nitachimba choo." Akasema, "Choo pia ni shimo." Kachibora shemeji alinilazimisha nile. Mmoja baada ya mwingine, mpaka mchana nikateremka Bungoma, nikamlipa muuza vifaa wa karibu na msikiti, akanisindikiza hadi barabarani akiniita mhandisi mbele ya wateja wake. Bahasha zikaisha. Kwa haki nilipaswa kurudi nyumbani nikiimba.

Nikauliza njia ya soko la ng'ombe.

Nyumba ya Mzee Nyongesa haikunipotea. Redio yake niliisikia kabla sijaona bati. Mke wa mwanawe, mama mmoja mcheshi mwenye unga mikononi, alinipeleka ndani akanipigia kelele sikioni, "Piga kelele! Baba hasikii! Miaka mingi sasa, ni hiyo redio tu, tena sijui kama anaisikia au anaitazama!"

Mzee alikuwa mnene, mweupe wa nywele, ameegemea kiti. Nikazima redio. Nikajaza mapafu. "MZEE! NIMETUMWA NA KHAEMBA! ANASEMA UMESHINDWA!"

Yule mama alikuwa ameganda mlangoni.

"Khaemba gani?" mzee akauliza.

"WA KITALE! ALIYELIMA BARABARA YA KACHIBORA!"

"Alikutuma lini?"

"MIEZI MIWILI ILIYOPITA!"

Mama yule akafunika mdomo kwa mkono wa unga. Mzee Nyongesa akasema taratibu, "Khaemba nilimzika mimi. Nilishika kamba ya jeneza kwa mikono hii. Hii ni miaka tisa."

Elimu yote ilitoka. Nikaketi sakafuni na suti yangu, nikamweleza kila kitu kwa kelele, mpaka majirani wakaja dirishani: mawe ya barafu, udongo wa kijivu, jiwe, maji ya baridi, nyayo, hodi. Nikakiri hata lile la diploma. Nilitegemea alie, au aogope, au aniite mchawi.

Mzee Nyongesa alikasirika.

"Mjinga yule!" akapiga mkono wa kiti. "Tuliahidiana! Atakayetangulia arudi amwambie mwenzake kama kuna moto. Nimengoja miaka tisa, nimekesha, na yeye anaenda kumwambia mchimba visima!"

"ALIKUJA! AMEBISHA HODI! WEWE NA REDIO!"

Akaiangalia redio. Akashika sikio lake moja, halafu jingine, kama mtu anayekagua kufuli zilizoota kutu. "Kumbe alikuja," akasema. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, shika jogoo."

Kumbe waliwekeana jogoo, yule mzee na mwenzake, tangu ujana. Atakayeshindwa achinje. Na makubaliano yalikuwa jogoo mwekundu. Yule mama akarudi na jogoo mweupe. "Baba, wekundu wameisha tangu Krismasi!"

"Chinja huyo huyo. Khaemba hakuwa mtu wa kuchagua."

Tulikula saa kumi na moja jioni, ugali na jogoo, watu wa dirishani wakiwa wameingia wote ndani wakibishana vikali: mmoja anasema kama chini hakuna moto basi uko mashariki, mwingine anasema Khaemba alipelekwa tu upande usio na moto, mwingine anauliza kama ufa ule unaweza kufika mpaka kwake maana ana kiu ya kisima. Firigisi, ambalo kwetu ni la mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, mzee alilitoa kwenye sahani yangu, nikiwa tayari nimelishika. Akaliweka kwenye kisahani peke yake, karibu na kizingiti. Watu wakaacha kubishana. Akageukia mlango uliokuwa wazi, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Mulembe, Khaemba! Umeshinda! Ingia!"

Nikatega sikio. Mimi ambaye nilikuwa nimemsikia Kapsokwony, Kibomet na kila mahali, sikusikia kitu. Kuku wanaparura. Mtoto anakohoa. Basi.

Lakini Mzee Nyongesa alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Yule ambaye mkwe wake humpigia kelele kumwambia chakula kiko tayari. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, na uso wake ukafunguka polepole. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu.

"Baba, nini?" mkwe wake akapiga kelele.

"Usinipigie kelele, nasikia," akasema. "Anasema jogoo mweupe si makubaliano."

Tangu siku ile sijabishiwa hodi tena. Nazima kompresa, shimo linanyamaza kama shimo. Wateja wakiniuliza nimejuaje mahali pa maji, nawatajia Khaemba kwanza, diploma baadaye. Wekesa bado anashikilia kwamba Jehanamu iko chini ila sisi hatujachimba vya kutosha, na Hamisi bado anacheka. Ukiniuliza mimi, nitakwambia alichoniambia shahidi wangu: chini ya shamba la Mama Chemutai hakuna, kwingine hakufika. Ushahidi wangu unaishia hapo na sitauongeza.

Ila nakuonya wewe. Mtu asiyejulikana akikusalimia, mwitikie, hata kama wenzako wanakutazama. Akikutuma, nenda siku hiyo hiyo, usingoje mpaka aje kukukumbusha, kwa sababu wenzetu hao wana subira, na sisi hatuna. Na ukiambiwa siri ya maji, usiiweke ukutani kwako.

Niliondoka Bungoma giza likianza, suti ikinuka mchuzi, mifuko mitupu kabisa. Watu saba nilikuwa nimewalipa juu ya ardhi, na mmoja chini yake. Niliendesha mpaka Kitale nikiimba kwa sauti mbaya, na hakuna aliyekuwa akinidai.